Mtepe wa Ghorofa ya Nne

Mwanamume akistaafu hupewa kiinua mgongo; mkewe hupewa mume, kutwa nzima, kuanzia chai ya asubuhi hadi taarifa ya habari ya usiku.

Wangu alikuwa karani bandarini. Umri wake wote wa kazi aliandika kitabuni chombo gani kimeingia, kimetoka wapi na kimepakia nini: boriti, chumvi, saruji, mbuzi. Siku alipokabidhi kalamu na ufunguo wa droo, vyombo vikamfuata nyumbani.

Sisi tunakaa Michenzani, ghorofa ya nne, katika yale majumba marefu yaliyojengwa kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki baada ya Mapinduzi. Lifti hakuna. Nalitaja hili mapema ili ieleweke kwamba kila nitakachokitaja humu, mbao, ndoo, makumbi na mama mkwe, kilipanda ngazi.

Wa kulaumiwa kwanza ni binti yetu aliyeko London. Alichelea baba yake asije akanyong'onyea, akamletea boksi lenye meli ndani, vipande vipande: Cutty Sark, ile iliyojengwa Scotland mwaka 1869 kuchukua chai kutoka China, na ambayo leo imepandishwa nchi kavu pale Greenwich watu waitazame. Ndani ya boksi mlikuwa na mkuku wa plaiwudi, mataruma yaliyokatwa tayari kwa mashine, fito nyembamba za mbao zisizo na idadi, mabunda ya nyuzi, na misumari ya shaba midogo ambayo mingi tuliiokota kwa nyayo. Kazi yenyewe ina mpango: unasimamisha mkuku, unapachika mataruma, kisha unabandika fito juu yake, moja baada ya moja, mpaka mifupa isionekane. Mume wangu alifika hapo salama. Meza ya chakula ilitekwa, tukawa tunalia mkekani, lakini nilinyamaza. Mwanamume aliyeshughulika haulizi kwa nini mchuzi umechelewa.

Kilichomshinda ni kamba. Meli ile ina milingoti mitatu, kila mlingoti na foromali zake, na kijitabu kilikuwa na kurasa za michoro ambamo kila kamba ina namba yake na mahali pake pa kufungwa. Aliitazama michoro ile jioni kadhaa, akavua miwani.

"Mama watoto," akasema, "hii ni meli ya watu. Mimi nimeandika vyombo vyetu maisha yangu yote, halafu nistaafu nijenge cha Waingereza?"

Sikumzuia. Binti alikuwa amekwisha kunieleza kwamba sanamu ya mbele ya meli ile ni ya mwanamke mchawi aliyeshika mkia wa farasi, nami mchawi simweki sebuleni kwangu. Cutty Sark ikapanda juu ya friji bila milingoti, na iko huko mpaka leo. Nikadhani yamekwisha.

Hayakuisha. Miaka ya nyuma, Beit al-Ajaib ilipokuwa bado wazi kwa wageni, ukumbini mlikuwa na mtepe mzima uliojengwa upya mwanzoni mwa miaka ya 2000, na yeye aliupiga picha kila upande. Sehemu ya jengo lile ilipoporomoka tarehe 25 Disemba 2020, alizitoa picha zake bahashani akazitazama kama mtu anayetazama picha za marehemu. Sasa, baada ya mchawi kupanda juu ya friji, picha zilitoka tena, na safari hii zilifuatana na rula.

Habari za mtepe nimezijua kwa lazima, kwa kuwa zilisemwa kila nilipokaa kuchambua mchele. Mtepe ni chombo cha kale cha pwani yetu kisichokuwa na msumari hata mmoja. Mbao zake hutobolewa kandokando, zikashonwa kwa kamba ya usumba, na kila tundu likazibwa kwa kijiti ili kamba ikaze isirudi. Tanga lake lilikuwa la pembe nne, na halikuwa la nguo bali la mkeka. Waliojulikana kwa kuujenga ni watu wa visiwa vya Lamu, Wabajuni hasa, na shehena yake kubwa ilikuwa boriti za mikoko. Vyombo vya kushonwa vya pwani hii vimetajwa tangu karne ya 1, katika kile kitabu cha Kiyunani cha safari za bahari yetu, Periplus, kilichoandika habari za Rhapta. Karne ya 20 ndiyo iliyoumaliza mtepe. Majahazi ya misumari yakashika nafasi yake.

Pengine shauku ingepoa yenyewe, lakini shemeji yangu akapiga simu kutoka Muscat. Huko, katikati ya mzunguko wa barabara, limesimamishwa jahazi la Sohar, chombo kilichoshonwa pale Sur kwa kamba za nazi na kusafiri kutoka Oman hadi Canton, China, mwaka 1980 hadi 1981, na Tim Severin ndiye aliyekiongoza. Shemeji analipita kwa gari kila akienda kazini. Akatuma picha, akaongeza maneno ya kaka kwa kaka: "Wenzetu wameweka lao barabarani, ninyi lenu liko wapi?" Kuanzia hapo mume wangu hakuwa tena anajenga kitu cha kuchezea. Alikuwa anadai haki.

Akapiga hesabu. Mtepe wa mita 18, na kila mita moja iwe sentimita tano, basi sentimita 90. Akapima sebule. Hakupima subira yangu.

Mbao alizipata karibu. Niliposikia Ijumaa moja mlio wa sahani kabatini, nilifungua nikakuta vyombo vyangu vya wageni vimeshuka daraja: rafu ya pili, ubao safi wa mninga, haikuwepo. Ilikuwa kwa seremala, inapasuliwa vipande vya unene wa milimita tatu. Ubao mwembamba hivyo haupindi mkavu, ukilazimishwa unakatika. Sharti uchemshwe ulainike, kisha ukunjwe ungali moto na ufungwe ulivyokunjwa mpaka ukauke. Chombo pekee cha kuchemshia ubao mrefu hivyo, kwa maoni yake, kilikuwa sufuria yangu ya biriani, ncha moja ndani na ncha moja nje, kwa zamu. Pasi yangu ikawa ya kukunjia. Mninga hutoa rangi, na sufuria hukumbuka. Wageni wa Sikukuu walikula biriani ile kwa adabu, ila mmoja aliuliza kama nimetia kitu kipya.

Tatizo la pili lilikuwa umbo. Katika meli ya boksi mataruma hutangulia, mbao zikafuata. Huwezi kukosea sana kwa sababu mifupa inakuonyesha njia. Mtepe ni kinyume chake. Mbao hushonwa kwanza, zikapanda kutoka kwenye mkuku kuta mbili kwa jicho la fundi, na mataruma huja mwisho kufungiwa ndani. Jicho la fundi halipatikani kwenye kitabu cha bandari. Ukuta wa kulia ukapanda vizuri, wa kushoto ukaona haya.

Lakini haya yote ni madogo. Tuje kwenye ndoo.

Mtepe hauna maana bila kamba ya usumba, na yeye alikataa katakata uzi wa dukani. Akanunua makumbi mabichi, akayapandisha kwa gunia, akayatia kwenye ndoo mbili kubwa za maji ya bomba, akaziweka kibarazani na kuzifunika kwa beseni langu la kufulia. Alisikia kwamba makumbi huozeshwa ndipo nyuzi zitoke. Alisikia kweli. Wiki za mwanzo hapakuwa na neno. Kisha kaskazi ikapungua, hewa ikasimama, na harufu ikaanza kushuka ghorofa kwa ghorofa, bila haraka, ikibisha hodi kila mlango.

Jirani wa chini yetu ni mwalimu wa hesabu, mtu mstaarabu. Kwanza aliuliza kama tuna mgonjwa. Mara ya pili aliuliza kama bomba la choo limepasuka. Mara ya tatu hakuuliza. Alikuja na sheha.

Sheha alivua viatu, akaingia, akakaribishwa kahawa. Mimi nilikaa pembeni nikisubiri kuadhirika. Mume wangu hakujitetea hata kidogo. Alimwekea sheha picha mapajani akaanza: Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliandika juu ya vyombo vya Hindi na Yemen kwamba vinashonwa kwa kamba za makumbi kwa kuwa bahari hii ina miamba mingi, chombo cha misumari kikigonga mwamba hupasuka, cha kamba hulegea kikapona. Sheha akanywa funda.

"Na maji hayaingii?"

"Yanaingia, sheha. Mtepe unavuja siku zote. Mabaharia walikuwa na kazi ya kukumba maji safari nzima."

"Chombo kinachovuja siku zote," sheha akarudia polepole, akimtazama mwalimu. Mwalimu naye alikuwa anatazama picha. Omo ya mtepe hupanda na kuishia na umbo ambalo wazee wanasema ni kichwa cha ngamia wa Mtume, na mume wangu alikuwa amekwisha kuchonga chake. Akakileta. Mjukuu wetu, aliyekuwa anasoma darasa la pili na hakuwa ameombwa maoni, alisema ni mbuzi. Mwalimu akasema shingo ni fupi mno. Sheha akasema ngamia yeye amewaona Makka, mdomo wa juu haukai hivyo. Wanaume watatu wakainamia kipande cha mninga wakabishana mpaka adhana ya magharibi. Kwenye mlango ndipo sheha alipokumbuka kilichomleta: "Ndoo zishuke kesho."

Hazikushuka kesho, kwa sababu kesho alifika mama mkwe kutoka Makunduchi.

Bi mkubwa ana umri ambao hata yeye haukadirii, na alipanda ngazi zile akipumzika kila ghorofa na kumlaani aliyevumbua nyumba juu ya nyumba. Alipofika hakukaa. Alifuata pua yake mpaka kibarazani, akafunua beseni, akatia mkono ndani ya ndoo bila kukunja uso, akatoa kumbi moja, akalipasua kwa kucha.

"Umeozesha maji, mwanangu," akamwambia mwanawe. "Makumbi bado mazima."

Kisha akamsomesha, mtu wa miaka sitini aliyesimama mbele yake na mikono nyuma. Makumbi hayaozeshwi kwa maji ya bomba ndani ya ndoo. Huzikwa pwani, kwenye mchanga na tope ambapo maji ya bahari yanakupwa na kujaa juu yake, yakawekewa mawe yasichukuliwe, na kuachwa miezi. Yakifukuliwa hupondwa kwa mti mpaka uchafu utoke zibaki nyuzi. Nyuzi huoshwa, huanikwa, ndipo husokotwa. Wanawake wa upande ule wa mashariki wamesomesha watoto kwa kazi hiyo. "Na wewe mama yako umemuona akifanya tangu hujaota meno," akamalizia. Kumbe mwanawe alipiga simu Muscat na kusoma habari za Wayunani, lakini Makunduchi hakuwa amepiga.

Bi mkubwa hakuja mikono mitupu. Katika pakacha, chini ya mihogo na ndizi, alileta furushi la usumba uliokwisha kupondwa, mkavu, rangi ya dhahabu. Ndoo zikashuka usiku ule ule. Alikaa sebuleni, akanyoosha miguu, akaanza kusokota kamba nyembamba ambayo sikujua kwamba usumba unaweza kuikubali: nyuzi chache kati ya viganja, zinazungushwa, zinaongezwa nyingine kabla za kwanza hazijaisha, na kamba inatoka upande wa pili haina fundo. Alikuwa anatazama televisheni, mikononi hakutazama hata mara moja.

Kamba ikapatikana, ushonaji ukaanza, na balaa likaanza nao. Mume wangu hajawahi kushona kifungo. Alitoboa matundu kwa keekee ndogo, karibukaribu, kwenye mstari mmoja ulionyooka pembeni kabisa mwa ubao, kisha akavuta kamba kwa nguvu za mtu anayefunga jahazi gatini. Ubao ukapasuka kufuata mstari wa matundu. Akachukua mwingine, ukapasuka vilevile. Rafu ya tatu ya kabati ikaanza kutazamwa.

Hapo nikaingilia, na niliingilia kwa ajili ya rafu. Mimi nashona kofia za viua. Kofia nzuri ina mamia ya vitundu, na kila kimoja hutobolewa na kuzungushiwa uzi mpaka kisimame imara. Ukikaribisha tundu na tundu, kitambaa kinachanika, ukisogeza mno ukingoni, kinachanika, ukivuta kwa hasira, kinachanika. Nilimwambia: matundu yaachane sentimita nzima, yaingie ndani kidogo kutoka ukingoni, na uzi uvutwe mpaka ukae, usivutwe mpaka ulie. Nikamshonea pande moja nimuonyeshe. Chini ya mishono hulazwa msokoto wa usumba kuziba mwanya kati ya ubao na ubao. Kamba hupita juu yake, huingia tundu la pili, kisha kijiti hupigwa ndani ya tundu kukamata. Vijiti vyetu vilikuwa vya kuchokolea meno, vikikatwa na mkasi wangu wa kucha. Nilishona pande la pili kwa kuwa la kwanza lilikuwa peke yake. Sitasema nilishona mangapi. Bi mkubwa akisokota, mimi nikishona, na fundi mwenyewe akitupokeza vijiti na kutueleza kuhusu Wabajuni.

Ukuta wa kushoto nao ulinyooka. Mataruma yakafungwa. Akatia mafuta ya papa, yale wanayoyaita sifa, ambayo hupakwa vyombo mbao zisiliwe na maji. Kuhusu harufu ya sifa ndani ya fleti nitasema tu kwamba mwalimu alituma mtoto kuuliza kama ndoo zimerudi.

Likabaki jaribio. Mbao mpya zikikaa majini huvimba, mianya ikafumba. Kwa hiyo mtepe ulitakiwa kulala majini usiku kucha. Aliweka beseni kubwa kabisa bafuni, chini ya bomba. Maji hayakuwepo, siku hizo yalikuwa yanakuja kwa zamu, mara nyingi usiku wa manane. Akamimina ndoo moja ya akiba, akaona haitoshi, akafungua bomba mpaka mwisho ili maji yakija yajaze yenyewe, akaenda kulala.

Maji yalikuja. Yalikuja kwa nguvu ambayo hatujaiona tangu tuhamie.

Nilishuka kitandani kwenda kutia udhu wa tahajudi, mguu ukazama. Niliwasha tochi ya simu. Ushoroba mzima ulikuwa unang'aa, viatu vinazunguka, na katikati yake, umekaa wima kabisa, haujalalia kulia wala kushoto, mtepe ulikuwa unakuja. Kichwa cha ngamia kilikuwa mbele. Ulinipita taratibu, ukagusa ndala za bi mkubwa, ukageuka kidogo, ukaelekea mlango wa kutokea na kugonga kizingiti. Mume wangu akatokea nyuma yangu na kikoi chake.

"Unaelea!" akasema.

Nilimwambia maneno ambayo gazeti hili halitayachapa. Bi mkubwa, aliyeamshwa na sauti yangu, aliinama akainua mtepe, akaumimina. Ndani mlikuwa na maji kiasi cha vikombe viwili. "Unavuja vizuri," akasema, akaenda kutafuta tambara.

Wakati huohuo mlango ukagongwa. Mwalimu wa hesabu alisimama gizani, amevaa fulana, mwavuli mkononi, umefunguliwa. Hakutoa salamu. Alichungulia ndani, akaona ushoroba, akaona chombo mikononi mwa bibi kizee, akafunga mwavuli.

"Kumbe ile shingo umeiongeza," akamwambia mume wangu.

Tulikausha mpaka alfajiri, na mwalimu alisaidia. Dari yake ilikuwa imetoka alama kubwa ya maji katika chumba cha wageni na nyingine juu ya meza ambapo watoto wa tuisheni hukaa. Mume wangu, ambaye ni mkaidi lakini si dhalimu, aliahidi palepale kuitengeneza yote.

Tanga tulilisuka baadaye, ukili mwembamba wa ukindu ulioshonwa pande kwa pande, na huo nao ulikuwa wetu wanawake. Yeye alichora macho mawili ya mbele na kufunga vibendera. Mtepe uko juu ya kabati la vyombo, penye rafu mpya. Shemeji ametumiwa picha. Binti ameambiwa asitume boksi lingine. Bi mkubwa amerudi Makunduchi na ameacha neno kwamba asiitwe tena kwenye nyumba isiyogusa ardhi.

Sasa mwenye nyumba anazungumzia jahazi, lenye mlingoti wa pili wa galme na misumari yake, na alikuwa ameweka kando fedha za mbao nzuri ya mvule. Fundi wa dari alimaliza kazi kwa mwalimu Alhamisi iliyopita: plasta, rangi mikono miwili, na waya wa taa uliolowa. Fedha za mvule zimeishia huko zote.